Pa kuweka kazi yako: diski, flashi na SSD kwa mtu wa Bunia

Mwanafunzi anayemaliza masomo katika chuo cha ualimu cha ISP au Chuo Kikuu cha Bunia hubeba TFC yake, yaani kazi ya kumalizia masomo, kwenye flashi moja. Anaichomeka kwenye kompyuta ya rafiki, kisha kwenye ile ya sekretarieti anakochapisha, kisha kwa mwalimu anayemwongoza, na jioni inarudi mfukoni pamoja na funguo. Mpiga picha za harusi anafanya hivyohivyo na kadi zake za memori. Mchungaji anayetunza orodha ya ubatizo, mwandishi wa redio, wakili na karani wa shirika linaloandikisha waliokimbia vurugu za Djugu, wote wana kazi ya miaka ndani ya kifaa kimoja walichonunua bila kuuliza sana.

Wengi huingia dukani na kuuliza kipi bora. Muuzaji atajibu kwa kutaja ukubwa na mwendo, kwa sababu ndivyo vilivyoandikwa kwenye boksi. Kabla ya kumsikiliza, jiulize kazi yako inaweza kuangamizwa na nini hapa unapoishi. Umeme wetu hukatika bila kuaga. Barabara zinatikisa, na kiangazi vumbi jekundu linaingia hadi ndani ya kabati. Kuna virusi, kuna wezi, na kuna siku mtu anatoka nyumbani na kile tu mikono inachoweza kubeba. Kila kifaa kina maadui wake katika orodha hii, na hakuna hata kimoja kinachowashinda wote.

Tuanze na diski ngumu, iliyo kongwe kuliko vingine. IBM ilitoa ya kwanza mwaka 1956, pamoja na mashine yake ya RAMAC: sahani 50, uzito wa karibu tani moja, na nafasi ya herufi milioni 5 tu. Leo diski inayoingia mfuko wa koti hubeba terabaiti moja au mbili, lakini ndani mambo ni yaleyale. Kuna sahani zilizopakwa sumaku zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake kuna kichwa kinachosoma na kuandika kikiwa kimeinuliwa kwa nanomita chache. Chembe ya vumbi ni kubwa mara nyingi kuliko mwanya huo. Kichwa kikigusa sahani inayozunguka, kinaikwaruza, na kilichokuwa kimeandikwa pale hakirudi.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya diski ngumu ni kwamba haisogezwi inapozunguka. Usiinue laptopu yenye diski ya namna hii na kuibwaga kitandani ikiwa bado inanakili. Usivute waya wa diski ya nje kuisogeza upande wa pili wa meza. Ikizimwa, vichwa huenda kwenye maegesho yake na diski huvumilia mishtuko mingi zaidi. Ukisafiri kwenda Komanda au Mahagi kwa barabara namba 27, izime, subiri sekunde kadhaa hadi usisikie mzunguko, izungushie nguo, kisha ibebe kwenye begi lililo mwilini mwako. Boksi lililofungwa nyuma ya pikipiki hupokea kila shimo moja kwa moja. Mwili wako hupunguza.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Diski za nje ni za aina mbili. Zile kubwa za inchi 3.5 zinahitaji adapta yake ya umeme, na zile ndogo za inchi 2.5 hula umeme wa USB kutoka kwenye kompyuta. Kwa mtu wa Bunia, chukua ndogo. Jenereta likizimika katikati ya kunakili, diski kubwa inakufa papo hapo ikiwa imeshika kazi, lakini ndogo inaendelea kuishi kwa betri ya laptopu nawe unapata muda wa kumaliza na kuichomoa kwa utaratibu. Anayetumia kompyuta ya mezani hana betri hiyo, na kwake UPS, yaani betri ya dharura ya kompyuta, ni lazima kabla hajafikiria kununua diski ya pili. Dakika tano za UPS zinatosha kufunga faili na kuzima.

Diski ngumu ina wema mmoja: mara nyingi huonya. Inaanza kuwa nzito, faili fulani linakataa kufunguka, au inatoa mlio wa tik, tik, tik unaojirudia. Ukisikia mlio huo usiendelee kujaribu-jaribu. Nakili yaliyo muhimu kwanza, mengine baadaye. Programu ya bure inayoitwa CrystalDiskInfo husoma ripoti ambayo diski yenyewe hujiandikia. Ukiona idadi ya sekta zilizohamishwa inapanda kutoka wiki moja hadi nyingine, diski hiyo imeanza safari ya mwisho. Na mtu asikudanganye kuifungua mezani kwa bisibisi ili "aisafishe". Diski hufunguliwa katika chumba kisicho na vumbi kabisa, na kufunguliwa mara moja tu katika hewa ya kawaida kunaweza kumaliza kilichokuwa bado kinaokoleka.

Ukoo wa pili ni wa flashi. Mhandisi Mjapani Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba aliiwasilisha mbele ya wataalamu wenzake mwaka 1984. Hapa hakuna kinachozunguka. Habari inahifadhiwa kama chaji ndogo za elektroni zilizonaswa ndani ya vijumba vidogo sana vya silikoni. Flashi ya mfukoni, kadi ya memori ya simu na ya kamera, na SSD ya kompyuta, zote ni za ukoo huu. Ndiyo maana SSD inaweza kuanguka kutoka mezani na kuendelea na kazi, na ndiyo maana mtu anayeishi juu ya pikipiki kati ya Bunia na Mongbwalu anapaswa kuwa na SSD ndani ya laptopu yake.

Lakini ukoo huu una udhaifu wake, tena wa kimyakimya. Kila kijumba huchoka kwa kuandikwa na kufutwa. Tena chaji iliyonaswa huvuja polepole kifaa kinapokaa bila umeme, na joto huongeza kuvuja huko. Kanuni ya viwanda, ya shirika la JEDEC, inataka SSD ya mtu wa kawaida, ikishafikia mwisho wa umri wake wa kuandikwa, itunze habari mwaka mmoja tu ikiwa imezimwa kwenye nyuzi joto 30. Ikiwa mpya inatunza kwa muda mrefu zaidi, lakini somo linabaki: flashi na SSD havifai kutupwa kabatini kwa miaka bila kuguswa. Picha za familia unazotaka watoto wazikute, ziweke kwenye diski ngumu, na hata hiyo iwashe mara moja au mbili kwa mwaka.

Tofauti kati ya flashi na SSD ipo zaidi kwenye kisimamizi, yaani chipu ndogo inayoamua kijumba gani kiandikwe sasa. Kisimamizi cha SSD husambaza uchovu ili vijumba vizeeke pamoja, hurekebisha makosa, na huandika ripoti ya afya unayoweza kuisoma kwa CrystalDiskInfo. Kile cha flashi ya bei ndogo hufanya machache sana ya hayo. Leo inafunguka, kesho kompyuta inakwambia uifomati. Mimi nasema wazi: flashi ni ya kubebea tu. Kazi ambayo ipo kwenye flashi peke yake, hesabu kwamba haijahifadhiwa.

Mwendo nitausema kwa kifupi. Diski ngumu hunakili megabaiti 80 hadi 150 kwa sekunde, SSD ya kawaida ya SATA karibu 550, SSD za NVMe maelfu (SATA na NVMe ni njia mbili za SSD kuungana na kompyuta). Flashi ya USB 2.0 ukipata 20 au 30 ushukuru. Mwendo huo una maana kubwa pale ambapo jenereta linawashwa kwa muda wa saa tatu tu kila jioni: laptopu ya zamani iliyowekewa SSD inawaka na kuwa tayari kabla jirani hajamaliza kusubiri yake, na muda wote wa umeme unakuwa wa kazi. Laptopu nyingi zinazotufikia kupitia Uganda zimeshatumika kwingine, nazo huchukua SSD ya SATA ya inchi 2.5. Kabla ya kulipia NVMe, fungua laptopu au muulize fundi kama ina nafasi ya M.2, na kama nafasi hiyo inakubali NVMe au SATA peke yake. Ukikosea unarudi nyumbani na kipande kisichoingia popote.

Sasa tufike kwenye udanganyifu, maana hapa ndipo fedha za watu zinapotea. Kwenye Boulevard de Libération na sokoni utakuta flashi iliyoandikwa 2 TB kwa bei ya chakula cha siku mbili. Ndani yake kuna chipu ya gigabaiti 16 au 32, na kisimamizi kimepangwa upya ili kiiambie kompyuta uongo. Ukinakili, inapokea bila kulalamika. Majina ya faili yanaonekana yote. Siku ya kufungua, picha za mwanzo zipo, zinazofuata zimekatika nusu, na nyingine hazifunguki kabisa, kwa sababu kilichozidi nafasi halisi kiliandikwa juu ya kingine au hakikuandikwa popote.

Dawa yake ni programu ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux na Mac. Inajaza kifaa chote kisha inasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Inataka subira. Kwa megabaiti 20 kwa sekunde, kujaza gigabaiti 64 kunachukua kama dakika 53, na kusoma kunaongeza muda. Kujaza terabaiti 2 kwa mwendo huo kunataka zaidi ya saa 27 za umeme usiokatika. Wadanganyifu wanaishi ndani ya hesabu hiyo, kwa kuwa wanajua hakuna atakayepima. Kwa hiyo nunua ukubwa unaoweza kuupima: gigabaiti 32, 64 au 128. Patana na muuzaji kwamba utaipima siku hiyohiyo na kurudisha ikishindwa, na mwambie aandike hivyo kwenye risiti. Muuzaji mwaminifu hakatai. Na usimgombeze mtu kwa sababu diski ya terabaiti 1 inaonyesha 931 kwenye Windows. Kiwanda huhesabu kwa 1,000 na Windows kwa 1,024, hakuna aliyekuibia.

Ukishanunua, itayarishe kwa kazi yake. Mfumo wa FAT32 unasomwa na karibu kila kitu, hadi redio za magari, lakini haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Video ya harusi ya saa mbili itakwama hapo. Mfumo wa exFAT unapokea faili kubwa na unafahamika kwa Windows, Mac na kamera, ila umeme ukikatika katikati ya kuandika unaweza kuvuruga orodha nzima ya faili. NTFS hutunza kumbukumbu ya kila badiliko na hustahimili ajali hiyo vizuri zaidi. Diski ya akiba inayokaa na kompyuta za Windows tu, iweke NTFS. Flashi ya kuzungukia kwa watu, exFAT.

Sekretarieti zetu ni za lazima, lakini kompyuta inayopokea flashi za mji mzima hupokea pia magonjwa ya mji mzima. Usipeleke flashi yenye kazi zako zote. Geuza ukurasa wako kuwa PDF, uweke peke yake kwenye kifaa kidogo, uchapishe, kisha ukifomati kabla hakijagusa tena laptopu yako. Kuna njia nzuri zaidi ambayo wachache wanaitumia. Chukua kadi ndogo ya memori, iingize kwenye adapta yake ya SD, na usukume kile kitufe kidogo cha pembeni hadi upande wa kufunga. Kompyuta nyingi zitaisoma lakini zitakataa kuiandika, na virusi vitakosa pa kuingia.

Kwa redio na wapiga picha, ukubwa wa kununua unahesabika kabla ya kutoka nyumbani. Saa moja ya sauti katika MP3 ya kilobiti 128 inachukua kama megabaiti 58. Saa hiyohiyo katika WAV ya ubora wa CD inachukua kama megabaiti 635. Kituo kinachotunza saa 10 za matangazo kila siku kinahitaji karibu gigabaiti 210 kwa mwaka kwa MP3, na zaidi ya terabaiti 2 kwa WAV. Ushauri wangu ni kuhifadhi vipindi vya kila siku kwa MP3, na kubakiza WAV kwa mahojiano ya wazee, nyimbo, na ushuhuda wa watu waliopitia mambo. Vitu hivyo vitatakiwa siku moja katika ubora wake wote.

Ushuhuda ninautaja kwa makusudi. Tarehe 12 Februari 2003, kamera ilimrekodi Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la wapiganaji la UPC, akitembelea kambi ya mafunzo ya Rwampara, hapa jirani. Video hiyo ilifika The Hague, na ilikuwa miongoni mwa ushahidi ambao Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliutegemea ilipomtia hatiani tarehe 14 Machi 2012 kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Kati ya kurekodi na hukumu ilipita miaka tisa. Nani kati yetu ana uhakika kwamba faili alilorekodi leo litafunguka baada ya miaka tisa? Anayerekodi mambo mazito katika mkoa wetu wa Ituri asifute kadi ya kamera kabla nakala mbili hazijakuwepo na kufunguliwa. Aache faili la asili lilivyo, na jina lake na tarehe yake, na afanyie kazi nakala.

Tumefika kwenye nakala, na hapa ndipo ningependa msomaji atumie fedha zake kabla ya kununua kifaa cha kasi. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni ambayo mafundi wengi wanaifuata: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe mbali. Kwa Bunia ninaipanga hivi. Ya kwanza iko kwenye SSD ya laptopu unayofanyia kazi. Ya pili iko kwenye diski ngumu ndogo inayokaa nyumbani, inayochomekwa mara moja kwa wiki na kuchomolewa mara kazi inapoisha. Diski ya akiba iliyoachwa imechomekwa daima itaugua pamoja na kompyuta siku ya virusi au ya radi. Ya tatu inakaa mji mwingine kabisa. Shangazi aliye Aru, kaka aliye Kisangani au Kampala, kila mtu hapa ana mtu wake mahali. Tangu vurugu ziliporudi Djugu mwishoni mwa 2017 tumeona familia zikifika mjini bila hata cheti kimoja cha shule. Picha za vyeti vya nyumba nzima, vya kuzaliwa, vya ndoa, vya shule, vya kiwanja, hazijazi hata flashi ndogo.

Nakala ya mbali inaweza kwenda pia kwa intaneti, lakini piga hesabu kwanza. TFC ni megabaiti chache, na kujitumia kwenye barua pepe yako kila jioni ni bima bora isiyo na gharama. Gigabaiti 100 za video ni jambo lingine: kwa megabiti 2 kwa sekunde zinataka zaidi ya siku nne na nusu mfululizo, na vifurushi vya kutosha. Video zipande basi kwenye diski na msafiri mwaminifu. Maandishi yapande hewani.

Ikitokea umefuta faili kwa bahati mbaya, acha kutumia kifaa hicho dakika hiyohiyo. Kwenye diski ngumu, flashi na kadi, kilichofutwa mara nyingi bado kipo mpaka kingine kiandikwe juu yake, na programu ya bure ya PhotoRec inaweza kukitoa, mradi usiihifadhi wala kuokoa faili kwenye kifaa kilekile. Kwenye SSD ya kompyuta matumaini ni madogo, kwa kuwa yenyewe husafisha vijumba vilivyoachwa. Jambo hilohilo lina upande wake wa pili: unapouza diski ngumu ya zamani, kuifuta haraka-haraka hakutoshi. Fanya fomati kamili inayopita sahani yote, la sivyo unauza na barua zako.

Diski inayosafiri na majina ya watu, ya wahanga, wagonjwa, wateja au mashahidi, ifungwe kwa nenosiri. Programu ya VeraCrypt ni ya bure na inafanya kazi hiyo kwenye Windows, Mac na Linux. BitLocker imo ndani ya matoleo ya Windows ya Pro. Kwenye kizuizi cha barabarani au mkononi mwa mwizi, diski iliyofungwa hivyo haisomeki. Lakini ukisahau nenosiri hakuna fundi wa Bunia wala wa Dubai atakayekufungulia, kwa hiyo liandike kwenye karatasi kwa kalamu, na karatasi hiyo ikae kwa mtu tofauti na yule anayekaa na diski. Mpe kila mmoja namba ya simu ya mwenzake. Ukipita Aru au Kampala inakokaa nakala yako ya tatu, omba diski hiyo, ifungue kwenye kompyuta ya hapo, cheza video moja hadi mwisho, kisha andika tarehe ya siku hiyo kwenye plasta iliyobandikwa mgongoni mwa diski.